Kwa nini maharagi yanamaliza makala

Msomaji wetu wa Kolwezi anasema maharagi aliyonunua sokoni yalikaa juu ya mbabula tangu asubuhi hadi saa tisa, na bado yalikuwa magumu. Anauliza kama ni mbegu mbaya, na kama kweli chungu chake kinamaliza pori.

Kinamaliza. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yako jirani, lakini nyumba nyingi mjini zinapikia makala, na tanuru la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo moja tu ya makala. Magunia yaliyopangwa kando ya barabara ya Likasi ni miombo iliyokatwa. Hayo tunayajua. Kinachonifurahisha ni kinachotokea ndani ya punje.

Seli za haragi zimegandamana kwa pektini. Chukua ukuta wa matofali: pektini ndiyo udongo unaoshika tofali na tofali. Haragi linapoiva, matofali hayayeyuki. Udongo ndio unaolegea, yakaachana, na punje ikapondeka kwa vidole viwili. Lakini kalisiamu ikiingia katika udongo huo, unakuwa saruji. Na haragi lina akiba yake ya kalisiamu, imeshikwa na kemikali iitwayo fitati. Maharagi yakikaa miezi mingi ghalani penye joto na unyevu, fitati huvunjika polepole, kalisiamu ikafunguliwa, ikaenda moja kwa moja ukutani. Haragi la zamani hufika sokoni likiwa limekwisha kujijengea ngome.

Kwetu kuna saruji nyingine. Miamba yetu ya shaba na kobalti imechanganyika na dolomiti, jiwe lenye kalisiamu na magnesiamu. Maji yanayopita humo huyeyusha madini hayo na kuyaleta kisimani. Ukiona ukoko mweupe chini ya birika, ndiyo hayo. Na ukipikia maji hayo, unazidi kuukaza ukuta.

Dawa ni chumvi. Sodiamu yake huisukuma kalisiamu na kukaa mahali pake, na yenyewe haijui kushika matofali mawili kwa pamoja. Loweka maharagi usiku kucha, vijiko viwili vidogo vya chumvi kwa lita ya maji, mwaga maji hayo, suuza, ndipo upike. Magadi yana nguvu zaidi, ila hupunguza vitamini B1. Nyanya zingoje hadi maharagi yalainike, maana uchachu huchelewesha pektini kulegea.

Huko Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo KALRO imetoa mbegu iitwayo Nyota, inayoiva upesi jikoni. Wazalishaji wa mbegu wa kwetu nao waupime muda wa kupika kama wanavyopima mavuno.

Kwa msomaji wetu: huenda mbegu haina kosa. Sokoni, kabla ya kupimiwa meka, muulize mama muuzaji maharagi ni ya mavuno gani. Chukua ya msimu huu, hata bei ikizidi kidogo. Utairudisha kwenye gunia la makala.