Pumzi ya Sekunde Ishirini

Nilifika Biharamulo kwa habari ya safari. Nilitaka kujua akina mama wa Ngara na Biharamulo wanafuataje mionzi ya kansa ya matiti hospitali ya Bugando, Mwanza: nani anawasindikiza, wanalala kwa nani, ng'ombe wa nani kauzwa. Mtu mmoja akanielekeza kwa binti wa mtaani hapo, mtaalamu wa tibamionzi aliyekuja likizo kwa wazazi wake. Kabla sijamaliza maelezo yangu aliniuliza: hao akina mama, wangapi walitibiwa titi la kushoto?

Swali hilo limenikaa rohoni tangu siku ile.

Moyo umeegemea kushoto, na sehemu yake ya mbele iko karibu sana na mbavu. Papo hapo ndipo unapopita mshipa mkubwa unaolisha damu upande wa mbele wa moyo. Mionzi inayolenga titi la kushoto, au ukuta wa kifua baada ya titi kuondolewa, inaweza kuugusa ukingo huo. Mgonjwa hasikii chochote. Madhara yakija, huja baada ya miaka, pengine mama ameshasahau hata rangi ya wino aliochorwa kifuani.

Dada huyu (hakupenda jina lake liandikwe) alinionyesha kinga anayoipenda kuliko zote. Alikaa wima kwenye benchi la mama yake, akaweka kiganja kifuani, akavuta hewa taratibu hadi kifua kikajaa, akaishikilia. Mapafu yakijaa, alieleza alipoiachia, kiwambo kilicho chini yake hushuka na kuuvuta moyo chini, mbali na mbavu. Kati ya moyo na ukuta wa kifua linaingia pafu lililojaa hewa. Mashine huwashwa wakati huo tu. Mama akitoa pumzi, mionzi inakatwa. Anapumzika, kisha anavuta tena. Pumzi moja hushikiliwa kama sekunde 20.

Kazi yake anaiona kuwa nusu ni mashine, nusu ni kumfundisha mtu kupumua. Mama aliyeogopa hupandisha mabega badala ya kujaza kifua, na moyo haushuki inavyotakiwa. Kwa hiyo humkalisha kwanza, humwita mama, humuuliza habari za nyumbani, humwacha ajaribu hadi mwili ulegee. Nilimsikiliza akieleza hayo nikaona anavyoipenda kazi hii.

Je, kinga hii ni ya matajiri? Nilitarajia aniambie ndiyo. Akanitajia utafiti wa Uingereza uitwao HeartSpare. Mwaka 2013 ulionyesha kwamba mama anayeshika pumzi mwenyewe, huku wahudumu wakifuatilia alama za ngozini na mistari ya mwanga kwa kamera ya chumbani, moyo wake unakingwa sawasawa na wa yule anayefungiwa pumzi kwa kifaa cha gharama.

Ila pumzi inahitaji mashine inayomaliza kazi haraka, na hapo uso wake ulibadilika. Mashine za kobalti-60, ambazo zimebeba mzigo wa tiba hii Afrika kwa miongo mingi, chanzo chake cha mionzi hufifia chenyewe: kila miaka mitano na ushei nguvu inabaki nusu. Kilichochukua dakika moja kinakuja kuchukua mbili. Kifua cha mama hakirefuki kufuata umri wa kobalti. Chanzo kisipobadilishwa kwa wakati, mgonjwa hulala mezani muda mrefu zaidi, na mpango wa kushika pumzi unazidi kuwa mgumu.

Hatari yenyewe kwa moyo ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2013 Sarah Darby wa Oxford na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliotibiwa kati ya 1958 na 2001. Kila grei moja (kipimo cha dozi ya mionzi) ya wastani iliyofika moyoni iliongeza matukio makubwa ya maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Ongezeko lilianza ndani ya miaka mitano ya kwanza na kuendelea kwa angalau miaka ishirini. Lakini kwa mwanamke wa miaka 50 asiye na tatizo jingine la moyo, grei 3 zinapandisha uwezekano wa kufa kwa maradhi hayo kabla ya miaka 80 kutoka asilimia 1.9 hadi 2.4. Takwimu hizi mbili za mwisho dada alizirudia polepole, akitaka niziandike. Anaogopa mama wa Ngara asije akasikia neno moyo akarudi nyumbani na kansa yake.

Na kuukinga moyo nako kuna gharama. Denmark, kati ya 2003 na 2007, madaktari waliwapa wagonjwa wa titi la kulia mionzi ya tezi zilizo kando ya mfupa wa kifua, wakawanyima wa kushoto kwa kuhofia moyo. Baada ya miaka minane walikuwa hai asilimia 75.9 ya wa kulia, na 72.2 ya wa kushoto. Kwetu, ambako wengi hufika hospitali ugonjwa umeshatambaa hadi kwenye tezi, nani apime mizani hiyo? Daktari peke yake, au na mama mwenyewe?

Tangu Juni 2025 wasafiri wa huku wanaokwenda Mwanza wanavuka ziwa, Kigongo–Busisi, kwa daraja, si kwa kivuko. Anayerudi hurudi moja kwa moja, na presha yake itapimwa hapa hapa wilayani kwa miaka yote iliyobaki. Dada anatamani barua ya kila mgonjwa anayemaliza mionzi iandikwe mambo matatu: upande uliotibiwa, grei zilizofika moyoni, na kama alipewa ile dripu nyekundu, doksorubisini, ambayo nayo huweza kuudhoofisha moyo. Nilimuuliza muuguzi wa kliniki ya presha atafanya nini na barua hiyo. Akasema walau atajua ni nani wa kumbana zaidi kuhusu presha, sukari na sigara. Na wale waliotibiwa zamani, ambao grei zao hazikuandikwa popote? Hapo hakuwa na jibu.