Mzee wa kaptula darasani na mabinti wanaorudi shule Kibaha na Kisarawe

Mzee wa miaka 84 anasimama nje ya geti la shule ya msingi, fimbo mkononi. Anataka kuandikishwa darasa la kwanza. Anafukuzwa, anaambiwa hii ni shule ya watoto. Anarudi tena. Safari hii anaambiwa hana sare. Basi anaikata suruali iwe kaptula, anavuta soksi hadi magotini, anavaa sweta na kurudi getini.

Ndivyo inavyoanza The First Grader, filamu ya mwaka 2010 kuhusu maisha ya Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya. Iliongozwa na Mwingereza Justin Chadwick na kupigwa huko huko Kenya. Maruge anachezwa na Oliver Litondo, Mkenya aliyewahi kuwa mtangazaji wa habari, na mwalimu Jane Obinchu anachezwa na Naomie Harris. Si filamu mpya. Lakini kwa mzazi wa Kibaha au Kisarawe ambaye binti yake aliacha shule kwa sababu ya ujauzito, au kwa sababu nyingine yoyote, ni filamu ya kuitazama upya na kwa jicho jingine.

Angalizo kwanza. Ndani yake kuna vipande vya mateso ya enzi za Mau Mau ambavyo mtoto mdogo hapaswi kuviona bila mtu mzima pembeni. Mzazi aitazame kwanza yeye, ndipo aamue nani akae kwenye mkeka.

Maruge mwenyewe aliandikishwa Januari 2004 katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka mmoja baada ya serikali ya Rais Mwai Kibaki kufuta ada ya shule za msingi. Guinness ilimtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuanza shule ya msingi. Wajukuu zake wawili walikuwa wanafunzi wa shule hiyo hiyo. Moja ya sababu zilizompeleka darasani ni kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, asitegemee kusomewa. Mwaka 2005 alichaguliwa kiranja mkuu, na Septemba mwaka huo alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya msingi bila malipo.

Filamu haiendi mbali hivyo. Inabaki zaidi pale shuleni, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Inamwonyesha mzee asiyeuona ubao vizuri wala kusikia vizuri, anayeketi dawati moja na watoto wa miaka sita. Hata amri ndogo ya kuchonga penseli inamrudishia kumbukumbu ya mateso ya kambini, naye anashindwa kujizuia. Mtu mwingine angeondoka siku hiyo hiyo akasema hayo mambo ya shule yana wenyewe.

Kuna jambo la kukosoa. Sehemu ya mwisho imetiwa sukari kidogo, mambo yanajipanga upesi kuliko yanavyojipanga katika maisha ya watu. Hata hivyo filamu inasema kweli juu ya jambo moja ambalo filamu nyingi za kutia moyo hulificha: Maruge hakuingia darasani kwa juhudi zake peke yake. Kuna mtu alimfungulia geti, na aliyefungua alilipia. Mwalimu Jane anagombana na wakubwa zake, anapigiwa simu za vitisho, na mwishowe anahamishiwa mbali. Wazazi wa wanafunzi wanakuja juu kwa sababu madawati hayatoshi na mzee anakaa nafasi ya mtoto.

Wazazi hao wasionekane wabaya. Tanzania nayo ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, watoto walifurika madarasani. Wengi wanaosoma makala haya walisoma miaka hiyo, wamebanana dawati moja au wamekaa sakafuni. Wanajua mtu mmoja zaidi darasani maana yake ni nini.

Kuvumilia na kung'ang'ania

Mtoto wa Pwani hukua akisikia kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni maneno mazuri, lakini yana kasoro moja ambayo filamu hii inaifichua bila kuitaja. Majumbani, neno "vumilia" mara nyingi huelekezwa kwa yule ambaye hatumtarajii kufanya lolote. Binti anayepigwa na mume huambiwa avumilie. Aliyeacha shule huambiwa avumilie, ndiyo mapenzi ya Mungu, alee mwanawe. Uvumilivu wa namna hiyo ni kukaa kimya na maumivu.

Maruge hakukaa kimya. Alifukuzwa, akarudi. Akapewa sharti, akalitimiza na kurudi tena. Kiswahili kina neno lake, nalo ni kung'ang'ania. Mzazi anayetaka mwanawe ajifunze kutokata tamaa afikirie ni lipi kati ya maneno haya mawili analolitumia zaidi nyumbani, na kwa mtoto yupi. Mara nyingi kijana wa kiume aliyefeli huambiwa arudie mtihani. Dada yake huambiwa avumilie.

Halafu kuna suala la furaha. Ukitazama uso wa Litondo katika vipande vya darasani, utaona kwamba mzee ana furaha tangu siku anapokaa kwenye dawati. Hangoji cheti. Anafurahi anaposhika penseli, anapofuatisha herufi na watoto. Maisha ya Maruge halisi yanaweka uzito zaidi hapo. Vurugu za baada ya uchaguzi mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 zilimkumba, akapoteza mali na kuishi kwenye kambi ya waliokimbia makazi, kilomita kama 4 kutoka shuleni. Akaendelea kuhudhuria masomo. Baadaye alihamishiwa Nairobi kwenye makazi ya wazee Kariobangi, na huko nako akajiandikisha Shule ya Msingi Marura. Alifariki kwa saratani Agosti 14, 2009, kabla filamu haijatoka na kabla hajamaliza shule ya msingi.

Kisomo chini ya mwembe

Mzee aliyekaa darasani asingewashangaza watu wa mkoa wa Pwani miaka ya 1970. Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee wa Maneromango na Mzenga, wilayani Kisarawe, na wa Mlandizi na Soga upande wa Kibaha, ni wa kizazi cha kisomo: watu wazima walioketi jioni, baada ya shamba, kufundishwa kusoma na kuandika, penye darasa ndani ya darasa, pasipo na darasa chini ya mwembe. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, vikundi vikasikiliza kipindi pamoja na kwenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyewacheka wanafunzi wenye mvi.

Kibaha ilianza mapema zaidi. Mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, ulikuwa na sehemu tatu: shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima. Watu huisifu zaidi sekondari kwa sababu ya matokeo yake ya mitihani. Kile kituo cha wakulima husahaulika, ingawa maana yake ilikuwa kubwa: tangu mwanzo, Kibaha palikuwa mahali ambapo mtu mzima mwenye jembe alikuwa na kiti chake darasani.

Kuanzia mwaka 1975 serikali ikaanzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa kuiga kwa sehemu vyuo vya aina hiyo vya Sweden. Kibaha ina chuo chake na Kisarawe ina chake. Wanaovifahamu kwa mbali hudhani ni mahali pa kujifunza ushonaji, useremala, umeme na kilimo tu. Fani hizo zipo. Lakini katika miaka ya karibuni vyuo hivi nchini vimebeba pia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaosimamiwa pamoja na shirika la Karibu Tanzania, ambao unawapa mabinti walioacha shule nafasi ya kusoma sekondari na kupata ujuzi wa mkono kwa wakati mmoja. Aliyezaa anaruhusiwa kuja na mtoto, na vyuo vimetenga sehemu ya kulea watoto mama zao wakiwa darasani.

Kwa miaka kadhaa njia hiyo ilikuwa mojawapo ya chache zilizokuwapo. Juni 2017, akihutubia Chalinze, mkoa huu huu wa Pwani, Rais John Magufuli alisema mwanafunzi anayepata ujauzito hatarudi shule ya serikali wakati wa uongozi wake. Novemba 2021 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ikabadili msimamo: aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ukiwemo ujauzito, wanaweza kurejea katika shule za kawaida. Na ada ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilikuwa imefutwa tangu 2016.

Kwa hiyo geti la shule limefunguliwa. Bado kuna geti jingine.

Geti la nyumbani

Tuseme kuna binti wa miaka 18 kijijini Masaki, wilayani Kisarawe. Alizaa akiwa kidato cha pili. Mtoto ana mwaka na nusu. Anasaidia kumenya mihogo, siku nyingine anauza maandazi kituoni. Amesikia habari za chuo, amekaa nazo wiki mbili hajamwambia mtu. Siku anamwambia mama yake, jibu la kwanza atakalopata ndilo litakaloamua mambo kuliko tangazo lolote la waziri.

Mama ana hoja zake, na si za kijinga. Nani atabaki na mtoto kama chuo ni mbali na hakuna nafasi ya bweni? Nauli ya bodaboda hadi barabarani, kisha gari hadi Kisarawe mjini, kila siku, itatoka wapi? Majirani watasema nini? Je, akipata ujauzito mwingine? Baba naye ana lake: alishanunua sare mara moja, na anakumbuka jinsi ilivyoishia.

Hoja ya fedha inahitaji hesabu, siyo hasira. Familia nyingi za Pwani hujinyima mwaka mzima kwa ajili ya shughuli. Ngoma ya mwali ikifika hupatikana mchele, hupatikana mbuzi, hupatikana vitenge vya sare kwa ukoo mzima. Hakuna ubaya, ni mila na ni furaha ya watu. Ila familia iliyoweza hayo kwa binti alipovunja ungo haiwezi kusema haina kabisa uwezo wa kumsaidia anapotaka kurudi darasani. Inaweza kusema haijaamua.

Hoja ya majirani ni nyepesi zaidi. Majirani walishasema wakati wa mimba. Watasema tena, na watachoka.

Hoja ya mtoto ndiyo nzito. Hapo anahitajika mtu mmoja wa kuwa Mwalimu Jane wa nyumba hiyo: bibi, shangazi, mama mdogo, au mama mwenyewe, atakayesema mtoto mwacheni kwangu. Na atalipia. Atachelewa shambani, ataitwa mpumbavu anayemwendekeza binti aliyeharibikiwa. Mzazi aliyekwisha kuona filamu atakumbuka kwamba mwalimu naye aliitwa majina.

Kabla ya kufika huko, ni busara mzazi aende mwenyewe chuoni au shuleni akaulize: masomo gani yapo, gharama ni zipi, mtoto anapokelewa kuanzia umri gani, bweni lipo au halipo. Kwa aliyeishia darasa la saba upo pia utaratibu wa mtihani wa QT, unaomwezesha kusoma nje ya shule na hatimaye kufanya mtihani wa kidato cha nne. Maswali haya yakiulizwa na mzazi mwenyewe, binti anaelewa kwamba hayuko peke yake getini.

Kenya ilipata mwanafunzi mwingine kama Maruge, bibi Priscilla Sitienei wa Ndalat, ambaye wanakijiji walimwita Gogo. Alikuwa mkunga wa miaka mingi, na baadhi ya waliokuwa darasa moja naye ni watoto aliowazalisha mwenyewe. Mfaransa Pascal Plisson alitengeneza filamu juu yake. Akiwa mwanafunzi mwenye miaka zaidi ya 90, alikuwa akiwauliza watoto wanaozurura mitaani kwa nini hawako darasani, na aliwasihi hasa wasichana waliozaa warudi. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi, akijiandaa na mitihani.

Tuseme sasa yule binti wa Masaki amekubaliwa. Jioni anarudi amechoka, vumbi miguuni. Bibi amembeba kitukuu, hajala. Anamwambia binti aweke begi chini, avue viatu, kisha anamtolea kadi ya kliniki ya mtoto. Yeye alijifunza herufi kwenye kisomo zamani zile na macho sasa hayaoni maandishi madogo. Anataka asomewe uzito wa mtoto mwezi huu ni kilo ngapi, na tarehe ya kurudi ni lini.