Bantamu si kuku aliyedumaa

Majuzi nilikuwa Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Kando ya barabara nilimwona mvulana amempakata kuku mdogo mweupe, manyoya laini kama pamba. Mwendesha bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria akamcheka: "Kijana, hiyo kuku imedumaa. Itakumalizia mahindi bure. Ichinjwe tu!"

Mvulana akamkumbatia kuku wake. "Haijadumaa. Ni kubwa, ina watoto saba nyumbani." Kisha akanigeukia mimi mwenye mvi: "Sokoro, si ni ukweli kuku inaweza kuwa ndogo na imekomaa?"

Tuyaache kwanza makosa ya upatanisho wa kisarufi. (Kuku ni kiumbe mwenye uhai, kwa hivyo yeye "amedumaa", wala si "imedumaa".) Kosa kubwa lilikuwa la kimsamiati, na mvulana ndiye aliyekuwa na haki. Kudumaa ni kukosa kukua jinsi inavyotarajiwa, ama kwa njaa, ama kwa maradhi, ama kwa minyoo. Kuku yule hakukosa kitu. Alikuwa amefikia kimo alichopangiwa na nasaba yake. Tukimwita aliyedumaa, tumempa ugonjwa asiokuwa nao, na hukumu ya mgonjwa wa aina hiyo mara nyingi ni kisu.

Je, basi tumwiteje? Mtu angedhani jawabu ni rahisi: chukua kuku, ongeza kiambishi cha udogo ki-, upate kikuku. Lakini kikuku tayari ni neno lenye kazi yake, yaani bangili inayovaliwa mkononi au mguuni. Tunaweza basi kutumia kiji-, tukapata kijikuku. Hata hivyo, kijikuku kina harufu ya dharau, sawa na kijitu na kijumba. Kifaranga nacho hakifai kwa sababu kinataja umri, si umbo. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya umri na jinsia ya kuku: pora ni jogoo mchanga, tembe ni jike anayekaribia kutaga, koo ni yule ambaye tayari anazaa. Bantamu anaweza kuwa lolote kati ya hayo.

Neno bantamu lenyewe lina safari ndefu. Linatokana na Banten, bandari ya kale katika kisiwa cha Java, Indonesia, ambapo mabaharia wa Ulaya waliwanunua kuku wadogo wa kula safarini. Jina la bandari likawa jina la kuku. Leo kuna bantamu wa asili, ambao hawana ndugu wakubwa, na kuna wale waliofugwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi wakawa nakala ndogo za kuku wakubwa. Serama, kutoka Malaysia, ndiye mdogo kupindukia, aghalabu hafiki nusu kilo. Kuku wa hariri, yule aliyepakatwa Keroka, ana ngozi nyeusi chini ya manyoya yake na vidole vitano badala ya vinne.

Sisi wa pwani na bara hatujakosa majina ya maumbo. Mwenye shingo tupu ni kishingo. Mwenye manyoya yaliyopinda nyuma ni kidimu, wengine husema kidemu. Mrefu, mwenye shingo ndefu na tabia ya kupigana, ni kuchi. Kwa mdogo wa asili ninapendekeza kuku kibete, jinsi tunavyosema mgomba kibete. Nina sharti moja: neno hili libaki kwa wanyama na mimea. Mtu wa kimo kifupi lisimguse, maana linaumiza. Bantamu libaki kwa aina hizi za kigeni zenye majina yao, na kuku wa mapambo liwe jina pana la yeyote anayefugwa kwa urembo wake, awe mdogo au mkubwa.

Utaniuliza, msomaji, mambo haya yanatuhusu nini huku Gusii? Tazama neno letu la Ekegusii, engoko. Ni ndugu wa damu wa kuku wa Kiswahili. Kilichobadilika ni k ya kwanza kuwa g, kwa kuwa inafuatwa na k nyingine. Badiliko hili wanaisimu huliita Sheria ya Dahl. Ndiyo maana enkoro, yaani moyo, imebaki na k yake, ilhali engoko imepata g. Kuku amekaa nasi muda wa kutosha hata jina lake likapitia mageuzi ya lugha zetu. Si mgeni mwenye kamba mguuni.

Nyumbani kwa mama yangu palikuwa na kuku vibete, miguu mifupi, matumbo karibu kugusa ardhi. Baadaye ukaja mradi mmoja wa kubadilishana majogoo. Majirani wakasema zetu zimedumaa, mama akatoa jogoo wake mdogo, akapewa mkubwa. Mayai yaliongezeka ukubwa, siwezi kukana. Lakini baada ya miaka michache hapakuwa na koo wa kuatamia kwa subira, na wale wafupi hatukuwaona tena. Hakuna aliyewaua kwa ubaya. Waliondolewa na kitenzi.

Leo ardhi imetubana. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, na urithi wa vijana wengi ni kipande kati ya chai ya baba na migomba ya ami. Bantamu hawahitaji nafasi kubwa wala chakula kingi, na kuku wa hariri huatamia hata mayai ya kuku wengine na ya bata. Ila yapo ya kuzingatia. Manyoya ya hariri hayazuii maji, na kwetu mvua hainyeshi kwa haya, kwa hivyo kizimba kiwe na paa na sakafu kavu. Mwewe humbeba bantamu bila taabu. Kideri hakichagui kimo: chanja kundi lote, na urudie kila baada ya miezi mitatu au kama daktari wa mifugo atakavyokuelekeza. Watoto wanawe mikono kila wakimpakata kuku.

Upole nao usidhaniwe kuwa mwenza wa udogo. Wapo majogoo wa bantamu walio wakali kuliko mbwa. Upole hutokana na aina ya kuku na mazoea ya kushikwa tangu angali kifaranga. Tena usinunue kwa kutegemea mayai ya biashara. Mayai yake ni madogo na huacha kutaga kila akitaka kuatamia.

Nilimjibu mvulana wa Keroka: "Ndiyo, mjukuu wangu. Huyu amekomaa. Ni kuku wa hariri." Akalirudia jina mara mbili, kisha akamgeukia mwendesha bodaboda: "Umesikia? Anaitwa kuku wa hariri." Yule bwana akamtazama kuku upya, akauliza: "Na kifaranga chake unaniuzia pesa ngapi?"