Madhila ya utotoni: Kwa nini msomi hufundishwa kuhesabu, kisha kuitilia shaka hesabu

Na Mwandishi Wetu

KATIKA fani ya saikolojia lipo tawi linalochunguza jinsi madhila anayoyapata mtu utotoni yanavyoweza kumfuata hadi utu uzima. Tawi hilo, ambalo husomwa zaidi katika ngazi ya uzamili na uzamivu, humtaka mwanafunzi ajifunze mambo mawili yanayoonekana kupingana: kuyahesabu machungu ya watoto, na kukataa kuifanya hesabu hiyo kuwa hukumu ya mtoto yeyote.

Madhila yanayozungumziwa hapa ni pamoja na kipigo, matusi ya kudhalilisha, unyanyasaji wa kingono, kutelekezwa, na kuishi katika nyumba yenye ulevi au ambayo mama hupigwa mbele ya watoto.

Utafiti uliofungua njia

Chimbuko la hesabu hiyo ni kliniki ya kupunguza unene huko San Diego, Marekani. Katika miaka ya 1980, Dk. Vincent Felitti alishangaa kuona wagonjwa waliokuwa wakipungua vizuri wakiacha matibabu. Alipowahoji, wengi walimweleza kuwa walinajisiwa walipokuwa watoto.

Felitti alishirikiana na Dk. Robert Anda wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), na mwaka 1998 walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu wazima 9,508. Zaidi ya nusu ya watu hao walitaja angalau aina moja ya madhila kati ya saba zilizoulizwa.

Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kati ya mara 4 na mara 12, wa kukumbwa na ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona au kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao hawakupitia hata moja.

Hata hivyo, mwanafunzi wa uzamili hufundishwa kuuliza maswali juu ya utafiti huo huo. Waliohojiwa walikuwa watu wazima wakikumbuka mambo ya miongo mingi iliyopita, na kumbukumbu hupungua. Aidha, mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limesababisha jingine, kwa kuwa umaskini, kwa mfano, unaweza kuchangia yote mawili.

Hesabu si hatima

Jibu moja la tatizo hilo ni kuwafuatilia watoto tangu mapema. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliokulia katika mazingira magumu zaidi, takriban theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo na wanaojiamini. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali, awe bibi, shangazi au mwalimu.

Nchini Romania, utafiti ulioanza mwaka 2000 katika jiji la Bucharest uliwahusisha watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipelekwa kwa familia za kambo. Watoto waliopata familia mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walinufaika zaidi kwa akili na kwa mahusiano yao na walezi.

Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, Anda mwenyewe aliandika pamoja na wenzake mwaka 2020 akitahadharisha kuwa jumla ya madhila haifai kutumiwa kumpima mtu mmoja mmoja. Jumla hiyo huonyesha hali ya kundi zima la watu. Haiwezi kueleza ukali wa tendo, lilidumu muda gani, wala ni nani aliyemshika mtoto mkono baadaye.

Mwalimu anayepewa orodha ya wanafunzi wenye jumla kubwa anaweza kuanza kuwaona kuwa wameharibika. Kwa njia hiyo, chombo kilichobuniwa ili kumsaidia mtoto huweza kumwongezea dhila nyingine.

Dodoso linapomgusa mtoto

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliohusisha vijana wa miaka 13 hadi 24, ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban robo tatu ya wasichana na wavulana walipata ukatili wa kimwili.

Kwa takwimu kama hizo, mwanafunzi anayekwenda shuleni na dodoso lake anapaswa kutarajia kwamba darasani wamo watoto wenye la kusema. Huenda yeye akawa mtu wa kwanza kuwauliza.

Hapo ndipo hulizuka swali zito kuliko yote. Watafiti wamezoea kuahidi usiri. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Mtafiti anayemwahidi mtoto kuwa hatamwambia mtu yeyote, kisha akaripoti, amemsaliti. Na akinyamaza, amemwacha mikononi mwa anayemdhuru.

Kwa sababu hiyo, mipaka ya usiri inapasa kuelezwa mapema, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, kabla ya swali la kwanza. Mtafiti anapaswa pia kuwa amekwisha kupanga na afisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha atakayempokea mtoto siku hiyo hiyo. Mpango huo ni sehemu ya maombi ya kibali cha maadili, na pasipo kibali utafiti hauanzi.

Kwa wanaotaka kuingia katika fani hii, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Nao wananchi wenye taarifa za mtoto anayeteswa wanaweza kupiga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila kusubiri utafiti wowote.