Tukimwambia Mkulima wa Embu Ang'oe Muguka, Apande Nini?



Mwezi wa Mei mwaka 2024, Gavana wa Mombasa alipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwa muguka katika kaunti yake, na wenzake wa Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Mama wengi wa Pwani walizipokea habari hizo kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, kwani wanawajua vijana ambao majani hayo yamewaondolea usingizi, kazi na utulivu wa nyumbani. Shukrani hizo hazikudumu wiki mbili. Viongozi wa Embu walikwenda kwa Rais. Ikulu ikatangaza kuwa amri za magavana hazina nguvu mbele ya sheria ya taifa inayoutambua mmea huo. Na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha.

Tangu siku hizo tumesema mengi juu ya muuzaji na mtafunaji. Juu ya mkulima tumesema machache, na aghalabu tumesema kwa hasira. Leo tunaomba tumtazame yeye.

Muguka unaotufikia hutoka hasa Mbeere, nyanda za chini za Kaunti ya Embu. Nduguye, miraa, hutoka vilima vya Nyambene huko Meru. Mbeere ni nchi kavu. Mvua hutarajiwa misimu miwili kwa mwaka, na mara nyingi mahindi hukauka kabla ya kubeba. Muguka hustahimili ukame, huchumwa mara kwa mara, na mnunuzi huja na pesa mkononi. Humo ndimo zinamotoka karo za shule na dawa za watoto. Mzazi mwenye mmea wa namna hii hatauacha kwa hotuba wala kwa amri. Atauacha siku atakapouona mwingine unaomlipa.

Mmea huo mwingine haupatikani kwa kukisia. Hutafutwa shambani, kwa miaka, na mwanachuoni na mkulima wakiwa pamoja, na lazima awepo wa kugharimia miaka hiyo. Fedha hizo ndizo ziitwazo ruzuku za utafiti. Si mkopo, wala si pesa za kugawiwa wakulima. Ni gharama ya kutafuta jibu.

Nzi aliyeanzia kwetu

Mwembe ni mmoja wa miti inayovumilia ukame, na maembe ya Embu na Meru yanajulikana sokoni. Lakini mwaka 2003 aligunduliwa nchini Kenya nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, na alionekana kwanza hapa hapa Pwani. Kila mama aliyewahi kukata embe lililo zuri kwa nje akakuta funza ndani anaijua kazi ya nzi hawa. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai chini yake; mabuu huila nyama, na tunda huoza au kuanguka. Kutoka Pwani nzi huyo alienea bara. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na haikurudi katika soko hilo hadi mwaka 2021.

Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao yake Nairobi, kilikwenda kwa wakulima wa Embu na Meru kwa fedha za ruzuku. Hakikwenda na dawa moja ya ajabu. Kilikwenda na njia kadhaa za kutumiwa pamoja: mitego yenye harufu inayowavuta madume; chambo cha chakula kinyunyizwacho sehemu chache za mti badala ya kuuogesha mti mzima kwa sumu; kuvu wanaowaua wadudu hao; nyigu wadogo wanaoshambulia mayai ya nzi; na kuokota kila tunda lililoanguka na kuliharibu kabla funza hawajatoka.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Kaunti ya Embu uliofanywa na mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Kenyatta pamoja na wataalamu wa icipe. Waliwalinganisha wakulima waliozifuata njia hizo na wasiozifuata. Kwa walioshiriki, maembe yaliyokataliwa yalipungua kwa takriban asilimia 54, gharama za dawa za wadudu zikapungua kwa asilimia 46, na mapato yao yakazidi kwa asilimia 22. Asilimia 22 si utajiri. Lakini kwa mwenye kulipa karo ni muhula ambao mtoto harudishwi nyumbani.

Kazi hiyo ilifundisha na jambo jingine. Nzi hajui ua wala mpaka. Mkulima akitega mitego na jirani yake akaacha maembe yaoze chini ya mti, taabu yake hupotea.

Mkulima naye ni mtafiti

Mfano wa pili unatoka nyanda za juu za Embu, penye ng'ombe wa maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, taasisi za utafiti wa kilimo na misitu zilianza kujaribu pamoja na wakulima mti mdogo uitwao kaliandra, ambao majani yake yana protini nyingi. Kilo moja ya majani makavu iliweza kushika nafasi ya kilo moja ya chakula cha ng'ombe cha kununua dukani. Miti ipatayo 500 ilitosha kumlisha ng'ombe mmoja kwa kilo mbili kila siku, mwaka mzima.

Wenye mashamba madogo wangeipanda wapi miti 500? Wakulima walijaribu wenyewe: kwenye ua wa nyumba, juu ya makinga maji ya matuta, na katikati ya majani ya kulishia mifugo. Hawakupoteza shamba la chakula. Jibu hilo lisingepatikana katika maabara, kwani alihitajika mtu anayejua kila pembe ya shamba lake.

Palipo na upungufu

Ruzuku nyingi hutolewa kwa miaka mitatu hivi. Mwembe wa kupandikizwa nao huanza kuzaa baada ya miaka kama hiyo. Basi mradi unaweza kufungwa pale pale mti unapochanua: mwanafunzi ameshapata shahada yake, na mkulima amebaki na mtego asioweza kuununulia chambo katika duka lililo karibu. Ruzuku njema humwita mkulima wakati swali linapoulizwa, na haiondoki kabla ya pembejeo kufika dukani na mnunuzi kupatikana.

Aidha, fedha nyingi za kazi hizi hutoka ng'ambo. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuuahidi asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Ahadi hiyo haijawahi kutimizwa. Vyuo si haba: Embu, Meru na Chuka vyote vina vyuo vikuu kamili, nasi tuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi.

Yaliyo mikononi mwetu

Vikao vya maoni ya wananchi juu ya bajeti za kaunti vi wazi kwa kina mama kama kwa wanaume. Tuulize humo: je, kaunti zetu zinaweza kuchangia, pamoja na Embu, utafiti wa mazao ya Mbeere? Wazee wetu waliweka wakfu wa visima na madrasa. Wakfu wa kumsomesha kijana mmoja wa kilimo, akafanye utafiti wake katika shamba la mkulima wa muguka, hauko mbali na desturi hiyo. Dini yetu humhesabia mpanda mti sadaka kwa kila kiumbe kinachokula matunda yake. Mwenye kuwezesha mti upandwe naye asikose fungu, insha'Allah.

Tena kapu la sokoni liko mikononi mwa mama. Mbeere hulima pojo na maembe, na pojo hatuzikosi majikoni mwetu. Tunapozinunua, tumuulize mwenye duka zimetoka wapi.

Hatusemi tuache kuwalinda vijana wetu. Ulinzi huo ni faradhi ya kila mzazi. Tunasema kwamba nzi aliyeonekana kwanza kwetu aliyala maembe ya Embu, na majani ya Embu yanawala watoto wetu. Majirani wa namna hii hawana budi kusafisha mashamba yao pamoja.