Vifaa vya Ujenzi: Kagua dari la nje kabla ya mvua

Wenye nyumba mikoani Shinyanga na Geita wanashauriwa kukagua dari la nje, chini ya ukingo wa paa, kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza. Dalili za uharibifu ni madoa ya kahawia, rangi kubanduka, mbao kulegea na vichuguu vyembamba vya mchwa ukutani.

Mara nyingi chanzo ni bati lililotoboka au msumari uliolegea. Kubadili siling bodi pekee ni kutupa fedha. Ziba paa kwanza. Nunua mbao zilizotiwa dawa, na ncha zilizokatwa zipakwe tena. Matundu ya hewa yawekwe wavu kuzuia popo, yasizibwe. Fundi akiitwa mapema hubadili kipande. Akichelewa, hubadili hata kenchi.