Kusoma Stempu: Somo la Mkusanyaji Chipukizi

Mwaka 1895 Uganda ilipata stempu zake za kwanza kutoka kwenye taipureta. Mmisionari Ernest Millar wa Church Missionary Society alizipiga safu kwa safu kwenye karatasi nyembamba. Hazina picha wala meno pembeni. Juu kuna herufi U na G, na katikati tarakimu inayotaja bei kwa simbi, fedha iliyotumika Buganda siku hizo. Leo wakusanyaji huzigharimia fedha nyingi, ingawa kwa macho tu ni vipande vya karatasi visivyovutia.

Kijana anayeanza kukusanya stempu huvutwa na picha: twiga, vipepeo, samaki, treni. Hakuna ubaya. Lakini stempu ina mengi ya kusomwa mbali na picha, na ufundi wa kuyasoma hupatikana kwa mikono na macho, hatua kwa hatua.

Kazi ya kwanza ni kubandua. Stempu iliyo juu ya bahasha haivutwi, kwa kuwa karatasi yake itachanika au kupungua unene mgongoni. Kata kipande cha bahasha ukiacha ukingo wa sentimita moja hivi, kiweke kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, kisha subiri. Baada ya robo saa hivi gundi hulainika na stempu hujitenga yenyewe. Suuza mgongo wake taratibu uondoe utelezi wote, ilaze kifudifudi juu ya karatasi safi ya kunyonya maji, na ikikaribia kukauka ibane ndani ya kitabu kizito. Bahasha nyekundu na za rangi kali ziloweshwe peke yake, maana hutoa rangi. Stempu mpya za kubandika bila kulamba mara nyingi hazibanduki kwa maji; hizo ziachwe na karatasi yake. Bahasha ya zamani yenye muhuri unaosomeka vizuri isikatwe kabisa, kwani yote kwa pamoja ni ushahidi wa safari ya barua.

Baada ya hapo vidole vipumzike. Stempu hushikwa kwa kibano chenye ncha bapa, kwa sababu jasho na mafuta ya ngozi huacha madoa. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Unguja kuna adui mwingine, unyevu wa pwani. Stempu zenye gundi hugandana, na madoa ya kahawia hujitokeza kwenye karatasi. Albamu isimamishwe wima mahali pakavu penye hewa, mbali na jua.

Sasa macho. Kifaa kinachowashangaza wengi ni kadi ya kupimia meno ya pembeni. Idadi ya vitundu ndani ya sentimita 2 ndiyo inayotajwa kwenye katalogi. Ikiandikwa namba mbili, ya kwanza ni ya ukingo wa juu na ya pili ni ya ubavuni. Mfululizo wa Kenya, Uganda na Tanganyika wenye sura ya Mfalme George wa Sita, ulioanza mwaka 1938, ni darasa zuri la zoezi hili. Ulichapwa tena na tena kwa miaka mingi, na meno yakabadilika ilhali picha ilibaki ileile. Stempu mbili zinazofanana kama mapacha zaweza kutofautiana sana kwa bei, na kadi hiyo ndiyo inayozitenganisha.

Muhuri nao husomwa. Jina la mji na tarehe hueleza barua ilianzia wapi na lini. Ukikuta stempu yenye muhuri nadhifu pembeni huku gundi yake ikiwa kamili mgongoni, ujue haikusafiri popote: iligongwa muhuri ili iuzwe kwa wakusanyaji.

Yapo pia maandishi yaliyochapwa juu ya stempu baadaye. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu za Zanzibar zenye sura ya Sultani ziligongwa maneno JAMHURI 1964, kwanza kwa mihuri ya mkono, kisha kwa mitambo ya uchapaji. Chini ya kioo cha kukuzia tofauti huonekana: wino wa mkono hukolea hapa na kufifia pale, na mstari huenda upande. Ule wa mtambo hutulia sawasawa.

Kukusanya kila kitu humchosha haraka anayeanza. Ni afadhali achague eneo dogo alifahamu. Ukurasa mmoja kuhusu Tanzania Bara unaweza kuanza na stempu za Kijerumani za 1893 zilizochapwa bei kwa sarafu iliyoitwa pesa, zikafuata zile za sarafu ya heller kuanzia 1905, kisha za Waingereza zenye herufi G.E.A. za 1917, kichwa cha twiga cha Tanganyika cha 1922, na stempu za Uhuru za 1961. Zilizo ghali ziachiwe nafasi hadi zipatikane. Chini ya kila stempu kijana aandike kwa kalamu ya risasi mwaka, aina ya fedha, kipimo cha meno na mji uliopo kwenye muhuri. Mahali asipojua, aende maktaba au amuulize mkusanyaji mzoefu kabla ya kununua nyingine.